Waliosaga vioo nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe yaliyo moyoni kuhusu makala mliyoichapisha wiki iliyopita juu ya kuzaliwa kwa sayansi mpya huko Ulaya, katika karne ya 16 na mwanzoni mwa ile ya 17. Nimeisoma mara mbili. Nashukuru kwamba mmeipa ukurasa mzima, maana habari za namna hii hazipati nafasi kila siku. Lakini nina dukuduku, na nisipolitoa litanikaa rohoni.

Kwanza niyamalize makosa mawili, kisha niende kwenye jambo lenyewe. Makala ilisema Galileo, yule msomi wa Italia, alivumbua darubini. Hakuivumbua. Ikasema pia kwamba alichomwa moto kwa kufundisha kuwa dunia inalizunguka jua. Hakuchomwa. Aliyechomwa Roma, Februari 1600, ni Giordano Bruno, na mashtaka yake mengi yalihusu mafundisho ya dini. Galileo alihukumiwa mwaka 1633, akalazimishwa kuyakana maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akafungiwa nyumbani hadi alipofariki Januari 1642, akiwa amekwisha kupofuka. Hiyo peke yake ni dhuluma kubwa. Tuiseme kama ilivyokuwa.

Makosa hayo yanasahihishika kwa mistari miwili. Kilichoniuma zaidi ni kingine. Katika ukurasa mzima ule, Copernicus aliwaza, Kepler aliwaza, Galileo aliwaza. Hakuna aliyeshika kitu. Sikuona kioo, wala shaba, wala kisu, wala mtu mwenye vumbi mikononi. Msomaji anaweza kudhani kwamba siku moja watu wachache wenye akili nyingi walikaa chini, wakafumba macho, na ulimwengu ukajipanga upya vichwani mwao.

Mimi ni fundi miwani. Nimesaga lenzi kwa miaka 31, na nilianza kama kijana wa kufagia unga wa kusagia na kuosha mabakuli. Lenzi yangu ya kwanza niliyoisaga mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho niliipeleka kwa mzee aliyenifundisha kazi nikiwa na furaha kubwa. Ilikuwa inang'aa kama tone la maji. Mzee hakuitazama ilivyong'aa. Alinyoosha mkono, akaishika mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akawa anatazama nondo ya dirisha kupitia kwenye kioo huku akiisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati nondo ilitulia. Ilipokaribia ukingoni ikayumba, kama kitu kilicho chini ya maji. Akanirudishia bila kusema neno. Nikaanza upya.

Nalisimulia hilo kwa sababu historia ya darubini imejificha humo humo, kwenye ukingo wa lenzi. Miwani ilianza kutengenezwa Italia karibu na mwaka 1286. Darubini imeonekana mwaka 1608. Kati ya hapo kuna zaidi ya miaka 300, na muda wote huo lenzi za wazee wasioona karibu zilikuwa zikitengenezwa, na tangu karne ya 15 lenzi za vijana wasioona mbali nazo zilikuwa zikiuzwa. Darubini ya kwanza ilihitaji lenzi hizo hizo mbili tu, moja iliyovimba katikati na nyingine iliyobonyea, ndani ya bomba. Kwa nini basi watu walikaa muda mrefu hivyo bila kuipata?

Nitajibu kama fundi. Mboni ya jicho ni tundu dogo kuliko kifungo cha shati. Mtu anapovaa miwani, kwa wakati mmoja anatumia kipande kidogo sana cha lenzi, na hata ukingo ukiwa na kasoro, jicho halitasumbuka. Kwenye darubini mambo ni tofauti kabisa. Lenzi ya mbele inakusanya mwanga kwa upana wake wote na kuuleta mahali pamoja, halafu lenzi ya nyuma inaikuza picha hiyo pamoja na makosa yake yote. Kasoro ambayo mvaa miwani haioni maisha yake yote, kwenye darubini inageuka ukungu. Kwa hiyo ilibidi kwanza mikono iboreke, kioo kiwe safi zaidi, na mtu ajue kuuziba ukingo mbovu. Hakuna wazo lingeweza kuiruka kazi hiyo.

Mtu wa kwanza tunayemjua kwa maandishi kuwa aliomba haki ya kuitengeneza darubini ni Hans Lipperhey, fundi miwani wa mji wa Middelburg, Uholanzi, Oktoba 1608. Alinyimwa haki hiyo ya peke yake, kwa sababu mara baada yake walijitokeza wengine waliosema nao wanaijua siri hiyo, akiwemo Jacob Metius wa Alkmaar. Hata hivyo serikali ilimlipa vizuri ili aitengenezee vyombo vya kutazamia kwa macho mawili, na ikataka lenzi zake ziwe za jiwe-kioo la mlimani. Ndugu Mhariri, mtu huyu hakutajwa hata mara moja katika makala yenu.

Sasa nije kwa Galileo mwenyewe, maana sina nia ya kumpunguzia heshima. Namheshimu kuliko alivyoheshimiwa katika makala ile, kwa kuwa namwona pia kama fundi mwenzangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Padua. Aliposikia habari za chombo cha Uholanzi, katikati ya mwaka 1609, akaunganisha lenzi za miwani akapata ukuzaji wa mara tatu. Agosti mwaka huo alikuwa na chombo cha mara nane hivi, akawapandisha wakuu wa Venice juu ya mnara, nao wakaziona meli saa mbili kabla hazijaonekana kwa macho matupu. Mshahara wake ukaongezwa. Lakini hakuridhika, kwa sababu kwa lenzi za madukani asingefika mbali zaidi. Lenzi ya kuvimba aliyoitaka ilipaswa kuwa na mviringo mdogo mno, dhaifu kuliko lenzi ya mzee yeyote, na hakuna fundi miwani aliyekuwa na sababu ya kuisaga. Akaamua kusaga mwenyewe.

Imebaki karatasi moja ambayo naipenda kuliko vitabu vingi. Ni barua aliyoandikiwa Galileo mwezi Novemba 1609, na mahali palipobaki wazi yeye aliandika orodha ya vitu vya kununua. Kuna dengu, mchele na pilipili manga. Kuna viatu na kofia kwa ajili ya Vincenzo, mwanawe mdogo. Na katikati ya mahitaji hayo ya nyumbani kuna risasi mbili za mizinga, bomba la kinanda la bati, vioo vya Kijerumani vilivyosawazishwa, jiwe-kioo, vipande vya kioo cha kujitazamia, unga wa kung'arishia, lami na kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa.

Mtu wa kawaida anaweza kujiuliza mwalimu wa hesabu alitaka risasi za mizinga za nini. Mimi sikujiuliza. Ukitaka kusaga lenzi ya kubonyea unahitaji umbo la mviringo, gumu, laini, la kusugulia kioo, na tufe la chuma la mzinga lilikuwa ndilo tufe zuri la bei nafuu. Bomba la kinanda ni mwili wa darubini. Lami ni ya kushikilia kioo kisicheze wakati wa kusaga. Kitambaa ni cha kumalizia. Nilipoisoma orodha ile kwa mara ya kwanza nilinyanyua macho nikatazama meza yangu. Risasi ya mzinga sikuwa nayo, lakini lami, unga na kitambaa vilikuwa mbele yangu.

Kioo alichopata kilikuwa na rangi ya kijani kwa mbali na viputo vidogo ndani yake. Lenzi alizifunika ukingo kwa pete ya karatasi ngumu, akaacha tundu katikati pale mwanga ulipopita vizuri. Yaani alikubali mwanga upungue ili picha isafike. Na bado nyingi zilimshinda. Machi 1610 aliandika kwamba kati ya darubini zaidi ya 60 alizotengeneza kwa gharama na taabu kubwa, ni chache sana zilizofaa kuonyesha alichokiona angani. Zaidi ya 60! Makala yenu ilisema kwamba "aliinua darubini yake akaona". Tafadhali waambieni wasomaji habari za zile zilizotupwa.

Na alichokiona nacho hakikuja kwa kutupa jicho mara moja. Usiku wa Januari 7, 1610, aliona nyota tatu ndogo karibu na sayari ya Mshtarii (Jupiter), mbili mashariki yake na moja magharibi, zote katika mstari mmoja. Akadhani ni nyota za kawaida. Usiku uliofuata zote tatu zilikuwa magharibi. Tarehe 9 kukawa na mawingu. Tarehe 10 zilionekana mbili tu, zote mashariki. Tarehe 13 zikawa nne. Kila usiku alichora duara dogo la sayari na alama za nyota pembeni yake, na ni mfululizo wa michoro hiyo, ukiipanga mmoja chini ya mwingine, uliomwonyesha kwamba vitu vile vinaizunguka Mshtarii. Wale waliosema kila kitu mbinguni kinaizunguka dunia hawakushindwa na hoja nzuri peke yake. Walishindwa na daftari lenye tarehe. Kitabu chake kidogo kilitoka Venice mwezi Machi mwaka huo huo, nakala 550.

Kuna jambo jingine la mikono ambalo huwa linapitwa. Kabla ya Galileo, kiangazi cha 1609, Mwingereza Thomas Harriot aliuelekezea mwezi darubini ya mara sita na kuuchora. Mchoro wake upo. Unaonyesha mstari wa kutengana kwa mwanga na giza, umekwaruzika kidogo, basi. Galileo alipoutazama mwezi ule ule miezi michache baadaye aliona milima, na alijua ni milima kwa sababu alikuwa amejifunza kuchora. Alijua kivuli kinavyokaa kwenye kitu chenye mwinuko na kwenye kitu chenye shimo. Aliona nukta za mwanga zikiwaka ndani ya sehemu ya giza, mbali kidogo na mpaka, akazifananisha na vilele vya milima ya hapa duniani vinavyopata jua la asubuhi wakati mabonde bado ni meusi. Akapima umbali wa nukta hizo kutoka mpakani, akakokotoa kwamba baadhi ya milima ya mwezini inazidi maili nne za Kiitaliano kwa urefu. Harriot alikuwa mtu hodari sana wa hesabu, lakini jicho lilihitaji kufundishwa na penseli.

Nisiseme ya vioo tu, watu watadhani navutia kwangu. Chukueni habari ya mwili wa binadamu. Kabla ya Andreas Vesalius, desturi katika vyuo vingi ilikuwa hivi: mwalimu anakaa juu kwenye kiti kirefu akisoma maandishi ya Galen, tabibu wa kale, chini yake kinyozi anapasua maiti, na mtu wa tatu ana fimbo ya kuonyeshea. Aliyesoma hakupasua, na aliyepasua hakuielewa lugha ya kitabu. Kama kitabu kilisema hivi na mwili ukaonyesha vile, hapakuwa na mtu aliyesimama mahali pa kuziona tofauti zote mbili kwa pamoja.

Vesalius, aliyeanza kufundisha Padua mwaka 1537 akiwa na miaka 22, alishuka kwenye kiti na kukishika kisu mwenyewe. Hapo ndipo akaona kwamba taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja, si miwili kama Galen alivyoandika, na kwamba mfupa wa kifua haukugawanyika katika vipande saba. Sababu ilimjia polepole: Galen alikuwa amepasua nyani na wanyama wengine, akajaza yaliyobaki kwa kukisia. Kitabu kikubwa cha Vesalius kilichapishwa Basel mwaka 1543, akiwa na miaka 28. Michoro yake ilichongwa kwenye vibao vya mbao huko Venice, vikafungwa na kuvushwa milima ya Alps hadi kwa mchapaji Johannes Oporinus. Mtu yule aliyechonga mshipa mmoja mmoja kwenye mbao kwa ncha ya kisu, kinyumenyume ili uchapwe sawa, anastahili sehemu yake katika ugunduzi ule. Wasomi hadi leo wanabishana kuhusu majina ya wasanii hao.

Mwaka huo huo wa 1543, huko Nuremberg, kilichapwa kitabu cha Copernicus, kilichosema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Hapa kweli kichwa kilitangulia. Lakini hata Copernicus hakuanza kwenye karatasi tupu. Anamtaja waziwazi al-Battani, mtaalamu wa nyota wa Kiislamu wa karne nyingi kabla yake, na baadhi ya mbinu zake za hesabu ni zile zile za Nasir al-Din al-Tusi wa Maragha, Uajemi, na Ibn al-Shatir, mtunza saa za swala wa msikiti mkuu wa Damascus katika karne ya 14. Wasomi bado wanajadiliana mbinu hizo zilimfikia kwa njia gani. Makala yenu ilisema Ulaya "iliamka kutoka usingizini peke yake". Sentensi hiyo naomba muirekebishe.

Na sasa nifike kwa yule ninayempenda kuliko wote.

Tycho Brahe, bwana wa Denmark, akiwa kijana wa miaka 16 mwaka 1563, alitazama Mshtarii na Zohali (Saturn) zikikaribiana angani, akafungua majedwali ya wakati ule ya kutabiri mahali pa sayari. La zamani lilikosea kwa karibu mwezi mzima. Lile lililojengwa juu ya hesabu za Copernicus lilikosea kwa siku kadhaa. Jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Mwaka 1576 mfalme alimpa kisiwa cha Hven, naye akajenga humo vyombo vya kupimia vya shaba na mbao, kimojawapo kikiwa robo-duara iliyojengewa ukutani yenye nusu kipenyo cha karibu mita mbili. Hakuwa na darubini, haikuwepo bado. Alikuwa na matundu ya kulengea, alama zilizochongwa kwa ustadi wa ajabu, na wasaidizi, mmoja kwenye saa na mwingine kwenye kalamu. Mdogo wake Sophie naye alimsaidia kutazama mwezi ulipopatwa mwaka 1573. Vipimo vyao vilikosea kwa dakika moja au mbili hivi za digrii, na digrii moja ina dakika 60.

Vipimo hivyo ndivyo alivyovirithi Johannes Kepler, Mjerumani mtaalamu wa hesabu, Tycho alipofariki Prague mwaka 1601. Kepler alikuwa na macho mabovu tangu utotoni, kwa ajili ya ndui. Asingeweza kupima nyota kwa ustadi hata angetaka. Alikabidhiwa sayari ya Mirihi (Mars) aikokotolee njia yake, akajigamba kwamba ataimaliza kwa siku nane. Ilimla miaka. Alitengeneza njia ya duara iliyokubaliana na vipimo vya Tycho karibu kabisa, baada ya kurudia hesabu ndefu mara zisizopungua 70, na akamwomba msomaji anayechoshwa na hesabu hizo amhurumie yeye aliyezifanya. Kisha akaijaribu njia hiyo kwa vipimo vingine. Ikakosea kwa dakika nane.

Dakika nane za digrii ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angeziacha. Copernicus mwenyewe angeridhika na kosa la ukubwa ule. Lakini Kepler alijua namna vyombo vya Hven vilivyotengenezwa na namna Tycho alivyopima, na alijua kwamba mikono ile haikosei kwa dakika nane. Akaitupa kazi yake ya miaka. Aliandika baadaye kwamba dakika hizo nane peke yake ndizo zilizofungua njia ya kuifanya upya elimu yote ya falaki. Kutoka hapo alifika kwenye duaradufu, yaani duara lililovutwa likawa refu kidogo, na kitabu kikatoka mwaka 1609.

Ninaposoma habari hiyo huwa nasikia tena ukimya wa yule mzee wangu dirishani. Kepler aliyaamini mafanikio ya mikono ya mtu mwingine kuliko alivyoyaamini mawazo yake mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo sayansi mpya ilipozaliwa, na kama makala yenu ingekuwa na nafasi ya jambo moja tu, ningeomba liwe hilo.

Tena kuna deni ambalo watu wa kazi yangu tunalo kwake. Mwaka 1604, kabla ya darubini, Kepler alichapisha kitabu cha mwanga ambamo alieleza kwamba picha ya kitu huchorwa nyuma ya jicho, kichwa chini miguu juu, na akaonyesha kwa nini lenzi ya kuvimba humsaidia mzee na ya kubonyea humsaidia asiyeona mbali. Alijengea juu ya Ibn al-Haytham, ambaye kazi yake kubwa ya mwanga ilikuwa imechapwa kwa Kilatini huko Basel mwaka 1572. Hebu fikirini: kwa zaidi ya miaka 300 mafundi walikuwa wakiwarudishia watu macho yao, na hakuna aliyeweza kueleza sawasawa kwa nini. Mkono ulijua kabla. Maelezo yalikuja nyuma, na yalipokuja yakaufanya mkono uwe bora zaidi.

Wala enzi ile haikuwa ya nuru tupu. Mama yake Kepler, Katharina, alishtakiwa kwa uchawi, akafungwa kwa minyororo akiwa mzee, na mwanawe akaacha kazi kwenda kumtetea. Aliachiwa mwaka 1621, akafariki mwaka uliofuata. Miaka ile ile mtoto alikuwa akiandika sheria za mwendo wa sayari.

Mmeahidi sehemu ya pili ya makala. Nawaomba, kwa heshima, muanzie Paris, Novemba 7, 1631. Kepler amekwisha kufa mwaka mmoja nyuma. Kabla ya kufa alitangaza kwamba siku hiyo sayari ya Utaridi (Mercury) itapita mbele ya uso wa jua, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitabiri likaonekana, na akawasihi watazamaji waanze kutazama siku moja kabla na waendelee siku moja baadaye, endapo hesabu zake zina kosa. Pierre Gassendi, mtazama nyota wa Ufaransa, amejifungia katika chumba chenye giza. Mwanga wa jua unaingia kupitia darubini na kuchora duara jeupe juu ya karatasi. Kumekuwa na mawingu na mvua. Asubuhi hiyo jua linatoka na kujificha, na kwenye duara kuna nukta nyeusi ndogo sana, ndogo kuliko alivyotarajia, hata anadhani ni doa la jua tu. Anapima mahali ilipo. Anangoja mawingu yapite, anapima tena. Nukta imesogea, upesi kuliko doa lolote la jua.

Majedwali ya zamani yangeiweka Utaridi mbali na hapo kwa digrii kadhaa. La Kepler limekosea kwa sehemu ndogo tu ya digrii moja. Gassendi anainua mguu na kuupiga sakafuni, kwa sababu chumba cha chini amemweka msaidizi mwenye chombo cha kupimia, na hiyo ndiyo ishara waliyopatana: sasa hivi, pima urefu wa jua.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi miwani